Vijana wa baraza letu Lamu wameshikilia dunia ni bapa, niwajibu vipi bila kutaja NASA?

Kijana_wa_Mkomani

Asalaam aleykum wanajamvi. Niko Lamu hapa mtaa wa Mkomani na nina shida moja naomba hoja zenu. Baraza letu hukaa baada ya isha, kahawa na kashata, stori za mpira na siasa, lakini tangu hizi klipu za TikTok zianze kuzunguka kwa magrupu kila usiku mjadala ni huo huo tu, dunia ni bapa, tumedanganywa tangu shule ya msingi. Na si watu wajinga, mmoja ni nahodha wa boti za Mokowe, mwingine yuko form three na namba zake nzuri tu, ni watu wangu na nawaheshimu ndiyo maana inaniuma.

Nikitaja picha za setilaiti naambiwa zimetengenezwa na kompyuta, nikitaja wanasayansi naambiwa wamelipwa, nikitaja kitabu cha jiografia naambiwa nani kakiandika. Sasa nataka vitu ambavyo mtu wa Lamu au Malindi anaweza kuvipima mwenyewe. Wao wanashikilia kwamba maji siku zote hukaa sawa hayapindi, kwamba mashua ikipotea baharini ukivuta kwa zumu ya kamera inarudi, halafu kama dunia inazunguka kwa kasi hiyo mbona hatuhisi. Na wanatumia aya. Hii ya aya ndiyo imenitoa usingizi manake kuna kijana mdogo wa madrasa hukaa akisikiliza, sasa anaona akikubali dunia ni mviringo ni kama anaacha dini. Sitaki ibaki hivyo. Mwenye maelezo marefu aandike marefu, nitasoma yote.

Mwana_Shela

Waaleykum salaam. Usianze na setilaiti, anza na bahari manake hao wenzako ni watu wa bahari. Nenda nao Shela ufuoni siku ya anga safi, asubuhi kabla jua halijapasha maji, mngojee jahazi inayotoka mlangoni kwenda nje. Kinachoondoka kwanza ni mwili wa chombo, unabaki mlingoti na tanga, halafu tanga linaliwa kutoka chini kwenda juu mpaka inabaki ile ncha ya foromali, ule mti unaoshikilia tanga, peke yake. Kama bahari ni bapa chombo kingepungua chote kwa pamoja mpaka kiwe kidoa, na mlingoti ulivyo mwembamba ndio ungetangulia kupotea, sio mwili.

Sasa hiyo ya zumu. Boti ambayo bado haijavuka upeo wa macho ila imekuwa ndogo jicho haliipati, ukiivuta kwa kamera lazima irudi, hapo hatubishani. Lakini chombo kilichovuka upeo ukikivuta unapata tanga kubwa lililokatwa chini na mstari wa maji, vuta mpaka kamera ifike mwisho huuoni mwili. Unajua kinachourudisha mwili ni nini? Ni kupanda juu. Mmoja abaki chini kwenye maji, mwingine apande vile vilima vya mchanga vya Shela, wapigiane simu. Yule wa juu atakuwa anauona mwili wa chombo wakati yule wa chini anaona tanga tu, na wala hana kamera. Hesabu yake ni nyepesi, chukua urefu wa jicho lako kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha mara 3.57, hiyo ndiyo kilomita ya upeo wako. Aliyesimama pale maji yanapoishia jicho lake liko kama mita 1.7, upeo wake unatoka kilomita 4.7 hivi. Jicho likiwa mita 20 juu unapata 16. Kwenye bapa hakuna kitu cha kukuzibia kwa hivyo kupanda juu kusingekufungulia kilomita hata moja.

Na huyo nahodha muulize siku akitoka nje kuvua akitazama nyuma anaona nini. Ufuo mweupe unapotea kwanza, halafu nyumba, halafu minazi inabaki vichwa tu juu ya maji.

Ukweli_Mchungu

Ndugu zangu mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia na sijatukana mtu, nataka majibu. Hayo ya mashua nimeyasikia. Mimi nimelelewa Ngomeni kwa shangazi yangu na nimeona siku moja kitu cha mbali kiko wazi kesho yake hakionekani kabisa, hewa ya juu ya bahari inapinda mwanga, kwa hivyo jicho si ushahidi. Fundi wa nyumba akitaka msingi uwe sawa anatumia pima maji, anajua maji hayadanganyi. Nionyesheni maji yaliyopinda hata kwenye beseni. Na hizo setilaiti mimi siziamini, ni maputo yanayorushwa juu sana, roketi tunaambiwa zilirushwa hapo Ngomeni zikaenda angani nani alizifuata akaona zimefika?

FundiDishi_Malindi

Ndugu Ukweli_Mchungu nakujibu kwa heshima kwa sababu swali la setilaiti ni kazi yangu, ndio ninayolisha watoto nayo. Nafunga madishi Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Lamu nikiitwa.

Hebu panda juu ya dari yoyote ya Lamu uangalie dishi la tivii ya kulipia, lile linaloshika setilaiti ya digrii 36 mashariki. Limelala karibu chali, linaangalia juu, kwa kipimo changu ni kama digrii 84 kutoka usawa wa ardhi. Limeelekea magharibi kidogo kwa sababu sisi tuko karibu digrii 41. Sasa setilaiti hiyo hiyo moja, mtu wa Cape Town analilaza dishi lake kaskazini na kuliinua kama digrii 46 tu. Na London, ambako wanatumia ya digrii 28, dishi linaangalia kusini na limeinuka digrii 25 basi, utadhani linaangalia ukuta wa jirani. Hizi namba hatuziamini kwa imani, ukikosea digrii mbili tu mteja anaona skrini nyeusi na anakupigia simu hajakulipa. Programu ya simu inayonipa pembe hesabu zake zote zimejengwa juu ya dunia ya mviringo yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 na setilaiti iliyo juu kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ingekuwa hesabu hiyo ni ya uongo mimi ningekuwa nimefunga biashara.

Sasa tuchukue bapa yako. Weka setilaiti kilomita 36,000 juu ya ardhi bapa, kutoka Lamu mpaka London ni kama kilomita 7,000, piga pembe mwenyewe uone, madishi yote mawili yangekuwa yanaangalia karibu juu, tofauti kati yao isingefika hata digrii 15. Tofauti ya kweli ni karibu digrii 60. Utasema basi iko chini, ni puto. Sawa, puto liko kilomita ngapi? 30, 40? Puto la kilomita 40 likiwa juu ya kichwa cha mtu wa Lamu, mtu wa Nairobi aliye kilomita zaidi ya 400 angelikuta limelala chini kabisa karibu na upeo, lakini dishi la Nairobi nalo linaangalia juu vile vile kama la Lamu. Na halisogei na upepo, mwaka baada ya mwaka liko pale pale, dishi nililofunga hata kutu imelishika na bado linashika mawimbi bila kuguswa. Kitu cha kukaa hivyo lazima kizunguke sambamba na dunia inavyozunguka, mara moja kwa siku.

Na hapo Ngomeni kwa shangazi yako. Waitaliano walikuja kuweka zile jukwaa za San Marco na Santa Rita kwenye bahari ya Ungwana kwa sababu, na sababu yenyewe ni umbo la dunia. Mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita karibu 1,670 kwa saa bila kufanya lolote, ukienda digrii 60 kaskazini kasi hiyo ni nusu yake. Roketi ikirushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure, na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu haiwezi kumwangukia mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 ndiyo walirusha San Marco 2 kutoka pale, halafu tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu yetu, wakarusha ile setilaiti ya kupima miale ya eksirei kutoka nyota za mbali na wakaiita Uhuru kwa heshima ya Kenya. Jina la Kiswahili liko kwenye historia ya sayansi ya dunia nzima na limetoka hapa kwetu, mimi hilo linanipa fahari na naumia kijana wa Ngomeni akiambiwa ni hadithi.

Baharia_Kizingitini

Salaam wanangu. Mimi sijui mambo ya madishi, nawaambia ya nyota. Zamani kabla Serikali haijapiga marufuku boriti kusafirishwa nje mwaka 1982 majahazi ya huku yalikuwa yakipakia boriti za mikoko yakenda Arabuni, Yemen, Oman mpaka Basra, na wazee wetu waliokuwa humo hawakuwa na kompyuta. Usiku walikwenda kwa nyota. Na kila baharia wa ndia hiyo alijua neno hili, nyota ya Jaa, yaani ile ya kaskazini isiyotembea, ukiwa Lamu huioni. Si mawingu si miti, haipo, iko chini ya bahari. Ukipanda na pwani ya Somalia ukaipita Kismayu ukaipita na Barawa ndipo inaanza kuchungulia, chini kabisa, ukungu wa baharini ukiiwacha. Kila siku zombo zikienda mbele nayo inapanda. Ukifika Maskati iko digrii 23 juu, na hizi nyota za kusini mulizozoea kwetu, suheli na wenzake, zimeshuka.

Manahodha walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, uzi unaubana kwa meno kibao unakinyosha mbele ya mato, ukingo wa chini ukae kwenye bahari wa juu ukae kwenye nyota ya Jaa, kila bandari ina fundo lake. Fundo likikubali unajua umefika usawa wa bandari unayoitaka, sasa geuza omo uingie. Kazi hiyo haiwezekani kwenye nchi bapa wanangu. Nyota iliyo juu ya bapa wangeiona wote, wa Lamu na wa Maskati na hata wa Cape Town, ingekuwa chini kidogo tu kwa wa mbali lakini haizami. Huyo nahodha wa Mokowe mwambieni usiku wa leo asimame mahali pa wazi atafute nyota ya Jaa mpaka achoke. Halafu ampigie simu jamaa yake aliye Oman, wa Lamu walio huko ni wengi, amuulize kama anaiona.

Kijana_wa_Mkomani

Mzee wangu Allah akuhifadhi, hii ya nyota naenda nayo baraza leo leo. Fundi wewe nawe nimekuelewa, nimepanda darini kwetu sasa hivi nimeliangalia dishi kweli limelala chali, miaka yote naliona sijawahi kujiuliza kwa nini. Sasa naomba wa aya na wa kuzunguka.

Ustadh_Hesabu

Bismillah. Mimi nafundisha hisabati sekondari na jioni nasomesha madrasa, kwa hivyo swali la huyo kijana mdogo limenigusa, tafadhali mlete asome hapa.

Aya zinazosema ardhi imetandazwa, kama ile ya Suratul Ghashiya, zinamwambia binadamu atazame ardhi aliyotengenezewa kutembea na kulima. Wanazuoni wakubwa walizisoma na hawakuona mgongano wowote. Fakhruddin ar-Razi kwenye tafsiri yake alisema wazi, tufe likiwa kubwa sana kila kipande chake kwa aliye juu yake huonekana bapa. Ibn Hazm wa Andalusia aliyefariki 1064 aliandika kuwa hakuna imamu anayestahiki jina hilo aliyekataa umviringo wa ardhi. Ibn Taymiyya naye, ambaye hakuna atakayesema alikuwa anafuata wazungu, alinukuu makubaliano ya wanazuoni juu ya umviringo. Kwa hivyo anayemwambia kijana kuwa kukubali mviringo ni kuacha dini anawatoa kwenye dini maimamu hawa wote, na hilo ni jambo zito.

Waliupima pia. Khalifa al-Maamun kwenye karne ya 9 alituma watu kwenye tambarare ya Sinjar huko Iraki, wakatembea kaskazini na kusini wakipima ardhi mpaka urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike digrii moja, ni hesabu ile ile ya kibao cha mzee wetu wa Kizingitini. Al-Biruni akapanda mlima Nandana, sasa ni Pakistani, akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani kutoka pale juu, akapata nusu kipenyo cha dunia karibu sana na hizo kilomita 6,371. Hakuwa na ndege wala roketi, alikuwa na kipimo cha pembe na trigonometria.

Na la ibada ni hili. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walitoa maelezo kwa wakaazi wa Burj Khalifa, wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wangojee dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu na walio juu ya 150 wangojee 3, kwa sababu wa chini jua limeshawazamia na wa juu bado wanaliona. Jengo moja, mlango mmoja, magharibi mbili. Ile ya kwamba magharibi ya Lamu hutangulia ya Kisumu kwa dakika 24 hivi siitumii kwa sababu hata wenye bapa wana njia yao ya kuieleza, lakini hii ya ghorofa hawana. Tena wao wanasema jua liko kilomita 5,000 juu na linatuzungukia. Likiwa mbali kilomita 10,000 wakati wa magharibi, pembe yake ni karibu digrii 27 kutoka ardhini, haliwezi kugusa upeo kamwe! Na jua la asubuhi Malindi wote mnaliona, linachomoza limekatwa na bahari, ukubwa ule ule wa adhuhuri.

Maji kwenye beseni, ndugu Ukweli_Mchungu. Kwa upana wa nusu mita kupinda kwake ni sehemu ndogo sana ya upana wa unywele, pima maji haiwezi kuona. Kwa kilomita 10 unashuka karibu mita 8. Maji kukaa sawa maana yake kila tone limevutwa kuelekea katikati ya dunia kwa kiasi kimoja. Na uliyosema kuhusu hewa ni kweli, siku nyengine mwanga unapinda na mtu anaona mbali kidogo kuliko hesabu, ndiyo maana Mwana_Shela kasema asubuhi.

Kuzunguka, mwili hauhisi kasi, unahisi kasi ikibadilika. Ukilala kwenye basi la Mombasa lami nzuri dereva hakanyagi breki hujui kama ni 60 au 100, akipiga breki ndio unaruka. Dunia inazunguka mara moja kwa siku nzima, haina breki. Lakini pepo zinahisi. Kusi ikiwa huku chini kwetu hutoka kusini ikielemea mashariki, ikishavuka ikweta kupita Somalia inageuka inatoka kusini-magharibi kuelekea Bara Hindi, ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wazee. Vimbunga vya kusini ya ikweta kama Idai ya Msumbiji mwaka 2019 huzunguka kufuata mshale wa saa, vya kaskazini kama Mekunu iliyoipiga Salala mwaka 2018 huzunguka kinyume. Mstari unaovigawa ni ikweta, iko kaskazini yetu kidogo tu.

Ukweli_Mchungu

Ya madishi na ya nyota ya Jaa sina jibu kwa sasa, nitayachunguza mwenyewe. Lakini bado hamjanijibu ramani. Nembo ya Umoja wa Mataifa kwenye bendera yao ni dunia bapa, kaskazini katikati na nchi zimezunguka. Na Antaktika hakuna anayeruhusiwa kwenda.

FundiDishi_Malindi

Ramani yoyote ya karatasi inalazimika kuvuta mahali fulani ndugu yangu, hiyo inavuta kusini. Pima mwenyewe, Sydney mpaka Santiago ya Chile kwenye ramani hiyo inatoka zaidi ya kilomita 25,000, ndege ya abiria ingehitaji zaidi ya saa 27. Kuna ndege za moja kwa moja kila wiki, ni saa 12 au 13, kilomita kama 11,300, na tiketi anauziwa mtu yeyote. Antaktika watalii wanakwenda. Disemba 2024 baadhi ya wenye chaneli kubwa za dunia bapa walipelekwa huko kuona kama jua la saa 24 lipo, na Jeran Campanella, mmoja wao anayejulikana sana, alikiri mbele ya kamera kwamba jua lilimzunguka bila kuzama.

Ustadh_Hesabu

Naongeza la kupatwa halafu nikawahi darasa. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, huku pwani ulianza kumezwa kabla kidogo ya saa moja na nusu usiku na saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu mzima. Waliotazama waliona ukingo wa kivuli ni duara. Usiku huo huo Uingereza mwezi uliwachomozea umeshapatwa na Australia ilikuwa karibu alfajiri, na wote waliona duara. Sahani bapa ikimulikwa kwa ubavu kivuli chake ni mstari, tufe peke yake ndilo kivuli chake ni duara upande wowote.

Na litakalokuja, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kwenye njia inayopita Hispania kusini, Luxor ya Misri, Makka na Yemen mpaka pembe ya Somalia. Makka giza litakaa karibu dakika 5, sisi huku tutaona sehemu tu. Hesabu hiyo imeshapigwa mji kwa mji mpaka sekunde, yote juu ya dunia ya mviringo. Ndugu Ukweli_Mchungu, kabla ya siku hiyo waombe wenye chaneli zako wakupigie hesabu ya Makka na ya Malindi kwa ramani yao, uiweke hapa na tarehe yake, na mimi nitaweka yangu.